Mchi wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi, 8 Machi

Daktari amesema presha yangu imepanda na niache kugombana na watu. Mke wangu Norah ameninunulia daftari hili. "Baba Marion," amesema, "ukikasirika andika humu. Masikio yangu yamechoka." Nilifanya kazi idara ya maji ya kaunsili tangu ujana hadi kustaafu, nikikata mifereji ya wasiolipa, na katika kazi ile hakuna aliyewahi kuniomba nipunguze sauti. Sasa nakaa nyumba ya chini kabisa, kando ya geti la ploti hapa Tassia, na mzee mzima naandika shajara kama msichana wa bweni.

Cha kwanza cha kuandika ni mchungaji Wasike. Leo baada ya kikao cha wazee alisema kuna familia imetoka Kongo, inalala kwenye ukumbi wa kanisa, na kanisa litawalipia kodi hadi mwisho wa Mei. Kinachokosekana ni nyumba, na mtu mwenye msimamo wa kuwasimamia. Wazee wote wakanigeukia mimi. Mtu akikuita mwenye msimamo mbele ya wenzako utajibu nini? Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewapatia nyumba humu humu kwetu, chumba kimoja ghorofa ya nne. Mwenye ploti hakutaka. Alisema wageni huleta wageni. Nikamkumbusha ni nani aliyemfungia maji siku bomba kuu lilipopasuka na ua wake ukawa ziwa. Akakubali kwa masharti: wasizidi sita, wasisumbue wapangaji, na mimi niwe mdhamini wao. Wakitulia wataendelea kukaa. Wakisumbua, mwisho wa Mei watoke, na mimi nisifungue mdomo.

Wako wanne. Mama anaitwa Kavugho, mwembamba, mwenye maneno machache. Ana binti, Kasoki, wa umri wa kuanza sekondari, na mtoto mdogo ambaye hulala mgongoni mwa yeyote aliye karibu. Wa nne ni mama mkwe wake, ajuza wanayemwita Koko. Mizigo yao ni mabegi mawili na mchi wa kutwangia. Mchi huo umetoka nao Goma, Koko akiutumia kama fimbo njia yote. Leo nimepanda ngazi mara nyingi kuliko mwaka mzima uliopita, na magoti yananidai.

Jumatano, 12 Machi

Norah amekaa nao mchana kutwa na amerudi na habari yote. Mume wa Kavugho anaitwa Paluku, fundi wa kujenga kwa mawe. Jiwe lilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, akabaki na vitatu, na bado hushika mwiko vizuri. Walipotezana barabarani siku watu walipokuwa wakikimbilia mpaka wa Bunagana, na tangu siku hiyo Kavugho hajui kama yuko hai au la. Simu yao moja ilibaki kwenye begi la Paluku, na ikipigwa haipatikani.

Alichoweza kufanya ni kutuma maneno kwa Wakristo wa kwao walioko Kampala: akipita mtu wa hivi na hivi, mwambieni mke wake ameenda Nairobi, Tassia, geti la kijani. Jina langu pia alilituma, lakini maneno yakipita midomo mingi hupungua. Nikamwambia Norah kwamba Tassia kila geti la pili ni la kijani. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo anwani pekee mtu yule aliyo nayo duniani, kama yuko duniani, na kwa hiyo watu hawa hawawezi kuhama hapa. Sikuwa nimeliona jambo hilo hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Wametambulishwa kanisani. Makofi mengi. Baada ya ibada hakuna hata mmoja aliyeuliza wanakula nini.

Alhamisi, 20 Machi

Wamepata kinu kutoka kwa Mkongo mwenzao huko Kayole. Afadhali wangepata ng'ombe.

Wanatwanga sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo kwetu Bungoma tunawaachia mbuzi. Majani hayo hayataki mchezo. Kavugho hutwanga mchana, na ana mtindo wake: anapiga mara mbili, kisha anagonga ukingo wa kinu mara moja kuangusha majani yaliyonata. Du-du, ka. Du-du, ka. Ghorofa yote inatetemeka, na mimi niliye chini kabisa nausikia kwenye meno.

Saa nane Shiro akaja mlangoni kwangu na kanga na macho mekundu. Shiro anakaa ghorofa ya tatu, moja kwa moja chini yao, na hufanya kazi usiku kwenye kiwanda cha plastiki kule Viwandani. "Mzee Mulongo," akasema, "mi hulala mchana. Huyo mama anatwanga juu ya kichwa yangu. Si ni wewe uliwaleta?"

Nikapanda. Nikabisha vile nilivyozoea kubisha kazini, na mle ndani kukawa kimya kabisa. Nikabisha tena. Nilijua wamo. Nikashuka nimejaa hasira, Norah akapanda, akaita jina lake tu nje ya mlango, wakafungua mara moja. Ananiambia mkono wangu unabisha kikanjo, kama askari wa kaunsili, na watu hawa wamebishiwa vya kutosha. Sawa, na mimi nimejifunza jipya uzeeni.

Nilipopata kuingia nilimweleza Kavugho habari za Shiro. Akaomba msamaha, mara tatu. Kisha akaniambia kwamba kwao Paluku akitoka kazini alikuwa akiusikia mchi wake akiwa bado njiani, na hapo hujua amefika. Nikamwambia hapa Nairobi mtu hujua amefika kwake kwa namba ya mlango.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Matope hadi kwenye kizingiti.

Ijumaa, 28 Machi

Tulikubaliana atwange asubuhi kabla Shiro hajatoka kazini. Ametwanga saa kumi na moja alfajiri. Sasa anayelalamika si Shiro, ni ploti nzima.

Jumanne, 1 Aprili

Jana niliwapelekea mfuko wa unga na mafuta kutoka kanisani. Leo nimepanda kuangalia mfereji wao na nikakuta mfuko umebaki robo. Nikauliza. Kumbe kuna mgeni, binamu wa Kavugho na watoto wake watatu, wametoka Kampala juzi. Nilihesabu vichwa, nikashindwa kunyamaza. Nilimuuliza Kavugho kama anakumbuka sharti la mwenye ploti. Anakumbuka. Nikamuuliza basi hawa ni nini.

"Papa, ni watu ya kwetu," akasema, kwa kuwa kwao baba ni papa. "Nitabafungia mlango namna gani?"

Kwa mdomo, nikamwambia. Mlango hufungwa kwa mdomo. Aliniangalia kama mtu anayengoja uendelee. Nilishuka ngazi nikizungumza peke yangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Maji yameingia jikoni kwetu. Nimekaa juu ya meza na daftari hili.

Norah, akiyachota kwa sufuria, amenikumbusha kwamba mimi nilipokuja mjini nililala chini ya meza ya mjomba kule Makongeni, kwenye nyumba za reli, na tulikuwa wengi kiasi kwamba tulipokezana kulala. Nikamwambia mjomba hakuwa na mdhamini wa kumwaibisha. Akasema, "Alikuwa na wewe." Sijui alimaanisha nini na sikumuuliza.

Jumatano, 9 Aprili

Wageni wengine wawili, vijana wakubwa, wanalala kwenye korido ya ghorofa ya nne. Munyoki, mlinzi na msimamizi wa ploti, amekuja kuniambia yeye hataki kupoteza kazi. Nikamwambia hakuna atakayepoteza kitu. Du-du, ka, juu ya vichwa vyetu wakati nasema.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya matawi. Mchungaji amenisifu mbele ya kanisa kwa moyo wa ukarimu. Nilitamani nimpelekee kinu nyumbani kwake.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo imefika mwisho.

Mwenye ploti alinipigia simu asubuhi. Amesikia kwamba chumba kimoja kina watu kumi. Amesikia pia habari za kinu. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza, aliongea polepole, akaniambia, "Mzee Mulongo, wewe ni mtu wa neno lako. Nilikupa chumba kwa sababu ya neno lako." Nimekata maji ya watu wakanitukana mama na baba mchana kweupe na sikuwahi kuona haya kama leo.

Nikapanda. Nilibisha kikanjo makusudi, kisha nikaita jina langu kwa sauti. Nilisema yote. Nilisema kwamba mimi ndiye nimewasimamia, kwamba hawaheshimu, kwamba kama wanataka kungoja mtu kwenye geti hili basi na walilinde geti lenyewe, kwa sababu wakifukuzwa huyo mtu atakuta nini? Binamu alianza kukusanya nguo za watoto hata kabla sijamaliza. Koko alikuwa akichambua majani na hakuinua kichwa. Kavugho alisimama tu, mikono imelegea, akasema ndiyo papa, ndiyo papa. Na mimi, kwa kuwa hasira ilikuwa bado haijapata pa kukaa, nikauchukua mchi. Nikamwambia nitauweka kwangu hadi mambo yatulie. Hakunizuia.

Nilipofika chini nikamwita Munyoki. Nikamwambia tangu leo, mtu yeyote akifika getini na Kiswahili cha Kongo kuulizia watu wa kwao, amwambie hapa hakuna Wakongo.

"Hata mmoja?" akauliza.

"Hata mmoja."

Mchi nimeusimamisha nyuma ya mlango wetu. Norah ameuona, ameniona, na amekwenda kulala.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Binamu na watoto wamehamia Kayole. Vijana wawili pia wameondoka. Kavugho alikuja kanisani, akanipa mkono, akasema Kristo amefufuka. Nikajibu inavyopasa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu mchana. Juu ni kimya. Nimelala vizuri mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 24 Aprili

Shiro amenishukuru. Ameniletea maandazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nataka niandike haya kwa mpangilio.

Mvua ilikatika kidogo leo asubuhi, nikatoka kuzibua mtaro mbele ya geti. Munyoki alikuwa kwenye kiti chake. Tukaongea habari za kawaida, matope, bei ya makaa. Kisha akaniambia, kwa namna ya mtu anayetaka sifa, kwamba ile kazi niliyompa anaifanya. Jumanne jioni alimrudisha mmoja.

Nikauliza mmoja wa nani. Akasema Mkongo mmoja, mtu mzima, begi la kijani mgongoni, amelowa kabisa. Alitaja papa fulani wa kanisa, jina halikumjia. Aliuliza kama hapa kuna watu wa kwao. Munyoki akamjibu kama nilivyomwagiza. Mtu yule akauliza tena kwa upole, kama ni kweli hakuna. Munyoki akamwambia ajaribu mageti mengine.

"Hakuwa mkorofi," Munyoki akasema. "Alishika tu geti hivi, na ule mkono wake wa vidole vitatu, akasimama kidogo kama anasikiliza kitu. Halafu akaenda."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza mkono gani. Akanionyesha wa kushoto.

Sijui niliiacha wapi koleo. Nilienda hadi barabarani kana kwamba mtu huyo bado angekuwa anatembea pale tangu Jumanne. Nikamuuliza Kavutha, ambaye kibanda chake cha mboga kiko ng'ambo, mkabala na geti letu. Anamkumbuka: mtu yule aliomba kujikinga mvua kibandani, akajikinga, kisha akamuuliza njia ya kwenda mjini kwa miguu. Kavutha akamwonyesha. Akamwambia pia aulize Pumwani, kwa sababu watu wasio na mtu mjini aghalabu huishia Pumwani.

Nilisimama pale kwenye matope nikiifikiria Jumanne yangu. Mimi nilikuwa ndani, hatua chache tu kutoka geti lile, nikisikiliza redio na kufurahia kimya. Alisikiliza na hakusikia kitu kwa sababu mchi ulikuwa nyuma ya mlango wangu. Hata kama Munyoki angemdanganya mara kumi, mchi usingemdanganya. Nimeandika sentensi hiyo na sasa siwezi kuifuta.

Munyoki alikuja nyuma yangu akauliza kama amekosea. Nikamfokea. Akaniangalia, akasema, "Mzee, si ni wewe ulisema hata mmoja?"

Ni mimi nilisema.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimezunguka Pumwani yote, Majengo kwenye vibanda vya mitumba, msikitini ambako walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, kwa mafundi cherehani wawili wa Kikongo. Mmoja alimwona Jumatano. Alikuwa akiulizia kazi ya ujenzi. Hajui alielekea wapi.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo mtaa wa Huruma. Kila ghorofa inayojengwa nilisimama chini nikaita jina lake. Vijana wa mjengo walinicheka. Mmoja akasema, "Niaje mzee, unadai nani?" Nikamwambia mimi ndiye ninayedaiwa, akaacha kucheka. Nimerudi nimelowa hadi kwenye mifupa.

Norah alinikanda magoti kwa mafuta ya moto bila kuniuliza. Kisha akasema tu kwamba Kavugho lazima aambiwe, na si yeye atakayemwambia. Nikasema ningempata kwanza ndipo nimwambie. "Baba Marion," akasema, "habari hiyo si yako ya kuweka nyuma ya mlango." Nimechukia kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwambia.

Sikubisha. Nilisimama nje ya mlango nikasema, Kavugho, ni mimi Mulongo, na akafungua. Koko alikuwa amelala, Kasoki yuko shuleni. Nilikataa kiti. Nilisema yote kama nilivyoyaandika humu, amri yangu, Munyoki, Jumanne, begi la kijani, vidole vitatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka, kusema kweli. Matusi ningejua pa kuyaweka.

Alijishika kwenye ukingo wa kitanda, akaketi.

"Alikuya," akasema.

Nikasema ndiyo, alikuja, na mimi ndiye niliyemfukuza, kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Vidole tatu. Njo yeye, ni yeye." Alikuwa ameweka viganja kwenye mashavu na machozi yanapita katikati ya vidole, na nikachelewa kuelewa kwamba anacheka. "Papa, bwana yangu eko muzima. Alitembea mpaka hapa. Eko muzima."

Wiki zote hizi nilimpelekea unga na sabuni na mahubiri, na zawadi ya kwanza kubwa niliyompa ni habari ya ubaya wangu mwenyewe. Alimwamsha Koko. Walishikana, ajuza akaanza wimbo kwa lugha yao, na mimi nimesimama katikati ya chumba kama kabati. Ningeweza kuvumilia chochote isipokuwa furaha ile.

Baadaye alifuta uso akaniuliza jambo moja. Alisimama getini? Nikasema alisimama kidogo, kama anasikiliza. Aliangalia kinu pale pembeni, kimefunikwa kitambaa. Hakunilaumu hata kwa jicho.

"Mchi yangu iko wapi?" akauliza.

Nilishuka nikauleta.

Jumatano, 30 Aprili

Du-du, ka. Ametwanga alasiri yote, dirisha wazi, mvua ikiingia. Majani yalikuwa yamekwisha. Alikuwa anatwanga kinu kitupu.

Shiro akapanda mbio, na mimi nyuma yake, nikijua huu ndio mwisho wa chumba. Norah alikuwa ameshatangulia, akamweleza mlangoni habari za Paluku. Shiro alisikiliza mikono kiunoni. Alikuwa na haki ya kukasirika, na bado alikuwa amekasirika.

"Sasa huku juu ndani atasikia aje na hii mvua?" akasema. "Si mngeweka hiyo kitu hapo chini kwa geti tangu zamani? Hapo hakuna mtu analala chini yake."

Mimi, niliyeishi maisha yangu yote ya kazi nikijua bomba gani liko chini ya sakafu gani. Mchungaji. Mwenye ploti na masharti yake. Mwezi mzima wa kelele, na hakuna aliyewahi kusema kinu kishuke chini, kikae juu ya udongo. Ningeweza kulia kwa upumbavu wetu. Nilikibeba mwenyewe, ngazi zote nne, na presha yangu na iende inakotaka.

Ijumaa, 2 Mei

Kinu kiko getini, chini ya kipande cha bati alichopigilia Munyoki bila kuombwa. Kavugho anatwanga kila jioni, watu wanapotoka kazini.

Nimemwambia Munyoki amri yangu imekufa. Anayeulizia Wakongo aambiwe ghorofa ya nne. Ameniuliza kama nina hakika. Nimekaa naye kwenye geti hadi giza ili awe na hakika yeye.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna.

Jumamosi, 10 Mei

Mafundi cherehani wa Pumwani wametuma neno kwamba aliyemwona hajamwona tena. Mvua kubwa. Kavugho ametwanga ndani ya mvua, Kasoki amemshikia mwavuli.

Alhamisi, 15 Mei

Wakongo wa Kayole wamesikia kuna sombe iliyotwangwa Tassia, sasa wanakuja na vibakuli kununua. Binamu naye amerudi, anasaidia kuchambua. Kila jioni geti limejaa watu wale wale niliowakataza, wakipiga soga kwa sauti, na mimi katikati yao nawaomba wasizibe mtaro. Hawasikii. Kuna mmoja anayenirekebisha Kiswahili changu.

Norah anasema nimenenepa. Ni sombe. Sitaandika kwamba ni tamu.

Jumatatu, 19 Mei

Mwenye ploti amekuja mwenyewe. Amemkuta Kavugho anatwanga, watu wamejipanga na vibakuli, na akaniita pembeni. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Sikupata nafasi, kwa sababu Shiro alikuwa anatoka kwenda kazini na akamwambia mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyelalamika na sasa halalamiki, na kama mama huyu anafukuzwa basi na chumba cha ghorofa ya tatu kitakuwa wazi. Mwenye ploti alikuna shingo. Amesema tutaona hadi Agosti, na kodi ya Juni alipe Kavugho mwenyewe. Amenunua sombe akaondoka.

Ningefurahi zaidi kama ningekuwa na uso wa kumwangalia Kavugho. Chumba kimebaki, na aliyekuwa akingojewa amepotea kwa ajili ya kulindwa kwa chumba. Naliwaza hilo kila ninapolala.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imepungua. Ametwanga, hakuna. Leo kwa mara ya kwanza aliniomba nimpokee mchi apumzike. Nilitwanga vibaya, Wakongo wote wakanicheka, na mwenyewe akasema, "Papa, hivyo atapita akijua ni nyumba ya mutu mwingine." Nikamrudishia.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika haya jikoni, na juu hakulaliki kwa nyimbo, na Shiro yuko huko huko na siku yake ya mapumziko.

Jioni nilikuwa kwenye kiti cha Munyoki, yeye ameenda kununua mafuta ya taa. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi, barabara inakauka. Kavugho alikuwa amenipa mgongo, ameinama kwenye kinu, du-du, ka, na foleni ya vibakuli kando yake. Nilikuwa nagombana na binamu kuhusu maganda kwenye mtaro.

Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda cha Kavutha, mtu alikuwa amesimama na begi la kijani, nguo zimejaa vumbi la simenti. Watu walimpita huku na huku. Hakuwa anatazama geti, kwa sababu geti hili lilishamwambia hapana. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Sikumwita. Niliinuka nikavuta komeo la chini, lile ambalo hatulifungui ila lori likiingia, nikafungua geti lote pande zote mbili.

Akavuka. Alikuja hadi kwenye kizingiti akasimama hapo, hakuvuka mstari. Watu wote hawa walikuwa mbele yake na bado aliniuliza mimi, kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa mahali.

"Samahani, papa. Hapa iko Wakongo?"

"Wako tele," nikamwambia. "Wamejaa mpaka nimechoka nao. Ingia."

Nyuma yangu mchi ukanyamaza.